Masinde Aliweka Gogo

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Wewe uliye jikoni, punguza moto. Wewe uliye gereji, zima hiyo mashine kidogo, kazi haitakimbia. Leo tunamkumbuka mtu wa hapa kwetu. Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, maana alikuwa na sauti kubwa.

Jina lake Zakayo Masinde. Alikuwa fundi wa umeme na mota katika kiwanda kimoja cha mbao kule Elburgon. Alifariki akiwa kazini, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa sabini na tano. Sasa ni miaka minne. Ameacha mjane, Nabalayo, na watoto wao.

Mkisahau mengine yote ya leo, shikeni hili moja. Masinde aliweka gogo. Mmesikia watu wakisema hakuweka. Limesemwa hotelini, limesemwa stesheni, limesemwa hata nje ya kanisa watu wakisubiri chai. Kwamba fundi aliyewakataza wenzake kuingia chini ya mzigo bila gogo, aliingia mwenyewe bila gogo, akafa. Si kweli. Aliweka. Tutaeleza gogo hilo lilikuwa la nini, na lilikwenda wapi.

Masinde alizaliwa upande wa Kimilili. Alikuja Nakuru akiwa kijana, kabla ya Uhuru, akapata kazi kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Mohanlal, mwenye karakana ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Huko ndiko alikojifunza. Alianza kwa kufagia, akaishia kushika koleo. Mwaka uliofuata Uhuru alirudi nyumbani akaoa, akaja na Nabalayo. Baadaye wakahamia Elburgon, kwenye nyumba za kiwanda, zile za mabati zilizo karibu na reli.

Nabalayo ametuambia hivi: "Msije mkamfanya malaika huko redioni. Mume wangu alikuwa na mdomo. Alinikemea siku ya kwanza kabisa kwa sababu nilianika nguo kwenye waya ya stima. Nikalia. Halafu akaenda akakata nguzo mbili, akanifungia kamba yangu mwenyewe. Hakusema pole. Yeye pole yake ilikuwa kamba."

Huyo ndiye Masinde. Kanisani aliimba kwa nguvu na nje ya wimbo. Nyumbani alishukuru chakula kabla ya kukaa, akiwa bado amesimama, kama mtu anayechelewa. Na kiwandani vijana walimwita Baba Gogo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Jina hilo lilitoka wapi? Hapo ndipo tunafika kwenye mashine.

Mwaka wa sabini na tatu, mwenye kiwanda, Sardar Jasbir Singh, alileta mashine mpya kutoka ng'ambo. Mashine ya kubandika mbao nyembamba moja juu ya nyingine, ziwe ubao mmoja mpana. Mbele ya mashine hiyo palikuwa na jukwaa la chuma. Unapanga mbao juu ya jukwaa, na jukwaa linapanda kidogo kidogo, kila mara kwa kimo cha ubao mmoja. Chini ya jukwaa kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mlikuwa na mota.

Mota ile haikuwa kama za misumeno, ambazo ukiziwasha zinanguruma mpaka uzizime. Hii iliitwa sevo. Sevo unaiambia: nenda mpaka hapa, simama. Nayo inakwenda mpaka hapo, inasimama. Inajuaje kwamba imefika? Nyuma yake, mkiani, kulikuwa na kitu kidogo kinachoitwa enkoda. Ndani ya enkoda mna sahani ya kioo yenye mistari myembamba kama nywele, na taa ndogo inayoimulika. Sahani ikizunguka, mashine inahesabu mistari. Vijana waliita kitu hicho jicho. Lakini jicho lile lilikuwa na udhaifu. Ukizima umeme, linasahau hesabu. Ukiwasha tena, linaanza upya pale pale lilipo. Kama jukwaa liko juu, jicho linadhani hapo ndipo chini.

Hapo hapo mkiani mlikuwa na breki. Na hii breki, wasikilizaji, ndiyo iliyoleta maneno. Umeme ukiwepo, breki inaachia. Umeme ukikatika, springi inabana, na jukwaa linabaki pale lilipo na mzigo wake. Kazi yake ni hiyo moja: kushika kitu kilichokwisha kusimama. Haikuundwa kusimamisha kitu kinachotembea. Kusimamisha ni kazi ya mota yenyewe.

Masinde alimweleza mkewe mezani, akila. Alisema, "Ng'ombe akiwa amesimama, hata mtoto wetu Khisa anaweza kumshika kamba. Ng'ombe akiwa anakimbia, ukamshika kamba, ni nini kinaisha?"

Nabalayo akajibu, "Mikono."

"Basi. Wewe umeelewa. Nyapara hajaelewa."

Nyapara aliitwa Ngigi. Alikuwa mchapakazi, hilo tuliseme. Ngigi aliona kwamba ukiiacha sevo ipunguze mwendo polepole mpaka isimame, muda unapotea. Lakini ukibonyeza kitufe cha dharura, kile kikubwa kama uyoga, umeme wa mota unakatika mara moja, breki inabana, tap! Jukwaa limesimama. Ukifungua kitufe, unaendelea. Akawaambia vijana wafanye hivyo wakati wa kushusha jukwaa tupu. Kutwa nzima, tap, tap, tap. Na kila tap, breki ilikuwa inakula bitana yake yenyewe, ile ngozi ya ndani inayoshika.

Masinde alipogundua, alipiga kelele mpaka watu wa upande wa misumeno wakazima mashine wasikie vizuri.

"Ngigi! Nani amewaambia hawa watoto kitufe cha dharura ni breki ya baiskeli?"

Ngigi akacheka. "Fundi, sasa hiyo breki tumeinunua ifanye kazi ama ikae kama bibi harusi?"

"Ikae. Ndiyo kazi yake. Ikae na ishike."

"Basi inashika. Angalia. Imeshika ama haijashika?"

Na kweli ilikuwa imeshika. Siku hiyo ilishika. Masinde alikwenda kwa Sardar akamweleza. Sardar alimsikiliza mpaka mwisho, maana alimheshimu. Akasema ataagiza breki nyingine. Akasema pia kazi isisimame. Breki ikaagizwa, haikuja. Vijana wakaendelea kubonyeza.

Ndiyo sababu Masinde akaleta gogo. Alikwenda mwenyewe ukingoni mwa msitu wa Mau, akatafuta mutamaiyo, ule mzeituni wa mwitu, mti mgumu ambao ukiugonga na shoka unalia kama chuma. Alipata shina lililokauka miaka mingi. Akalikata kwa kimo cha shimo, akalipaka rangi nyekundu, akaliegemeza ukutani. Na akaweka sheria. Mtu yeyote akitaka kuingia shimoni, kwanza asimamishe gogo chini ya jukwaa. Asiamini breki. Breki ikiteleza, jukwaa litakaa juu ya gogo.

Akaongeza jambo moja. Anayeingia lazima aite kwa sauti: "Gogo!" Na aliye kwenye swichi lazima ajibu: "Limekaa!" Usiposikia "limekaa", huingii. Vijana waliona ni mchezo. Walikuwa wakiitana hata kantini. Mmoja anainua kikombe cha chai, anapaza sauti, "Gogo!" Meza nzima inajibu, "Limekaa!" Masinde aliwaangalia tu, akaendelea kunywa chai yake.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunakuja kwenye sikukuu.

Sardar Jasbir ni wa ukoo wa mafundi. Kwao, siku inayofuata Diwali ni siku ya Vishwakarma, ambaye wao humheshimu kama bwana wa kazi zote za mikono. Siku hiyo hakuna chombo kinachofanya kazi. Misumeno inalala, nyundo zinalala. Umeme wa kiwanda unazimwa kwenye swichi kubwa. Kila mashine inafutwa vumbi, inapakwa rangi pale palipochubuka, inavishwa maua. Halafu wafanyakazi wote wanakaribishwa na familia zao kula. Vijana waliiita Krismasi ya Mashine. Watu waliipenda sana, na hakuna ubaya wowote uliokuwa ndani yake. Nabalayo mwenyewe, mtu wa kanisa, alikuwa akienda kila mwaka. Anasema chakula kilichotolewa kwa moyo mweupe hakina dini.

Mwaka ule wa sabini na tano mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Jukwaa liliachwa juu, nusu ya mbao zikiwa bado zimepangwa, breki peke yake imelishika. Hakukuwa na neno, kwa kuwa hakuna mtu wa kuingia shimoni siku ya kupumzika.

Upande wa jikoni, mpishi alikuwa Cheptanui, mwanamke wa hapo hapo Elburgon. Kaka yake, Kiplangat, ndiye aliyekuwa akisimamia swichi ya mashine ile mpya. Cheptanui alikuwa na masufuria makubwa ya dengu, na wageni wa Sardar walikuwa wamefika kutoka Nakuru na mavazi yao mazuri. Lakini kuni zilikataa. Kiwanda kizima cha mbao, wasikilizaji, na hakuna kuni kavu! Kila kitu kilikuwa saipresi, mti laini, tena mbichi na iliyolowa. Moshi ukajaa uwanja. Wageni wakaanza kukohoa na kujifuta macho.

Ngigi akaja mbio. "Cheptanui, unapika chakula ama unafukuza nyuki?"

"Niletee kuni, nyapara. Mimi sina mdomo wa kupuliza mvua."

Ngigi akageuka, akaenda zake. Baada ya muda vijana walileta kuni nzuri ajabu. Nzito, kavu, zilizopasuliwa punde. Cheptanui akazisukuma chini ya masufuria. Moto ukawaka mweupe, bila moshi. Aliona kwamba vipande vingine vilikuwa na ngozi nyekundu, na ngozi ile ilitoa mapovu ikaanguka kwenye majivu. Akaona, akaendelea kukoroga. Watu walikuwa na njaa.

Chakula kiliiva. Watu walikula wakashiba. Masinde alikuja na watoto, akasimama karibu na moto, akapasha mikono. Nabalayo anakumbuka alivyosema: "Moto wa leo ni wa maana. Hii ni mutamaiyo hii. Mnaona haina moshi?" Akafurahi. Akaomba aongezwe dengu.

Lilikuwa ni gogo lake.

Ngigi hakuwa na nia mbaya. Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na ubaya wa jambo hili hauhitaji nia. Alitaka wageni wasikohoe, ndipo akaamuru gogo lipasuliwe. Jioni ile ile, kabla mwanga haujaondoka, alimwamuru Kiplangat akate saipresi moja kwa kimo kile kile na kuipaka rangi nyekundu ile ile, kwa kuwa makopo ya rangi yalikuwa wazi kwa ajili ya mashine. "Baba Gogo asije akatumalizia sikukuu na kelele," alisema. Saipresi ile ilikuwa mbichi, imekunywa maji ya mvua, nzito mkononi kama mti mgumu. Katikati yake palikuwa na fundo. Rangi ililifunika fundo.

Kesho yake asubuhi umeme uliwashwa. Jicho lilikuwa limesahau hesabu, kama kawaida yake. Jukwaa lilikuwa juu, lakini mashine ilidhani liko chini. Ukiliambia lishuke, halishuki. Masinde alisema mbao zipakuliwe kwa mikono kwanza, halafu arekebishe. Ngigi akasema lori linasubiri, kuzipakua ni asubuhi nzima. Wakabishana. Masinde alihisi pia kwamba enkoda ilikuwa imelegea pale ilipofungwa, na bila kuikaza hata kupakua hakutasaidia. Basi akasema ataingia aikaze, ni kazi ndogo. Akaamuru umeme uzimwe. Sasa mzigo wote ulikuwa juu ya breki, breki ile iliyokwisha kuliwa na tap, tap, tap.

Akachukua gogo jekundu pale ukutani. Likamnata mikononi. Kiplangat alimsikia akisema, nusu kwa kucheka, "Hata gogo wamelipaka kwa sikukuu!" Kila kitu kiwandani kilikuwa kimepakwa rangi, angeshangaa nini? Akalisimamisha chini ya jukwaa, akalisukuma kuona kama limekaa sawa. Akaita.

"Gogo!"

Kiplangat akajibu, "Limekaa!"

Masinde akaingia.

Hatutaeleza zaidi ya hili. Breki iliteleza. Jukwaa likaja juu ya gogo. Gogo lilishika kwa pumzi chache, halafu likapasuka kwenye fundo. Wenzake walimtoa wakamfikisha hospitali ya Nakuru, na huko wakaambiwa amekwisha kufa.

Kabla mkaguzi hajafika kiwandani, vipande vya saipresi vilikuwa vimeondolewa. Mkaguzi aliuliza, "Kulikuwa na kitu cha kuzuia?" Ngigi akasema, "Kipo siku zote, ila leo hakukiweka. Alikuwa na haraka." Aliuliza na wengine. Wengine wakatazama viatu vyao. Ikaandikwa hivyo, ikasemwa hivyo. Na kwa kuwa Masinde alikuwa amewakemea watu wengi kwa miaka, watu wengi walipenda kusema. Baba Gogo amesahau gogo! Lilikuwa tamu mdomoni, neno hilo.

Lakini Nabalayo alijua. Alijua tangu siku ile ile. Sikilizeni alivyojua.

Yeye na dada yake walipewa nafasi ya kumwosha kabla ya kumsafirisha Kimilili. Akaosha uso. Akaosha kifua. Akafika kwenye mikono. Viganja vyote viwili vilikuwa vyekundu. Akamimina maji, akasugua kwa sabuni. Wekundu haukutoka. Dada yake akasema, "Ni damu imekauka, dada, sugua taratibu." Nabalayo akainamisha uso, akanusa.

Ilikuwa rangi.

Akaagiza mafuta ya taa. Akavifuta viganja vya mumewe kwa kitambaa na mafuta ya taa, kidole baada ya kidole, mpaka vikawa safi. Anasema hapo hakulia. Alikuwa akifikiri. Gogo la mume wake lilipakwa zamani, rangi yake ilikuwa imekauka kama mwamba. Mtu hawezi kutoka na rangi mkononi kwa kushika gogo kavu. Basi ameshika gogo, na gogo lilikuwa jipya.

Alisema hivyo matangani, mbele ya watu wa kiwanda. "Mikono yake ilikuwa na rangi. Aliweka gogo."

Ngigi alimjibu kwa upole, na upole huo ndio unaomuuma Nabalayo mpaka leo. "Mama Khisa, huzuni inaonyesha mtu mengi."

Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja wa kanisa akamshauri amwachie Mungu. Nabalayo akasema, "Mungu anajua tayari. Ni ninyi ambao hamjui."

Alirudi Elburgon. Nyumba ya kiwanda ilikuwa na watu wengine, akapanga chumba, akauza mboga na kuwasomesha watoto. Kila alipopita, aliona vidole. Khisa alipigana shuleni kwa sababu mwenzake alimwita mtoto wa Sahau Gogo. Nabalayo alimwosha damu puani, hakumkemea. Alimwambia tu, "Baba yako aliweka. Ukipigana, pigana ukijua hivyo."

Mwaka jana, baada ya ibada moja ya mazishi ya jirani, Cheptanui alimfuata Nabalayo mpaka kisimani. Halafu akasema, "Mama Khisa, mimi nilipika na gogo la mume wako."

Nabalayo hakuelewa. Cheptanui akaeleza yote: moshi, kuni nzuri, ngozi nyekundu ikitoa mapovu. "Nilijua siku ya pili, niliposikia. Nikanyamaza kwa sababu ya Kiplangat. Ni yeye alilipaka lile lingine. Ni yeye alijibu limekaa."

Nabalayo akaweka ndoo chini. Akauliza swali moja. "Ile dengu niliyokula mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile ya watoto wangu?"

"Ndiyo."

Nabalayo anasema alisukutua mdomo kwa maji ya ndoo ile, miaka mitatu baada ya kula.

Alikwenda kumtafuta Kiplangat. Huyu alikuwa ameacha kiwanda, anaishi Kaptembwo, kule Nakuru, anabeba mizigo sokoni. Alimkuta ameketi mlangoni. Kiplangat alipomwona alisimama, akavua kofia. Nabalayo alimwuliza kwa nini alijibu limekaa.

"Mama, lilikuwa limekaa. Nililiona limekaa."

"Ulijua ni saipresi."

"Nilijua. Nilifikiri breki itashika. Breki ilikuwa inashika kila siku, mama. Kila siku tuliibonyeza na ilishika."

"Na yeye alifikiri gogo litashika."

Kiplangat akasema, "Kila nikisikia mtu anaita kwa sauti, hata sokoni, nasikia kama ni yeye." Nabalayo hakumfariji. Hakumlaani pia. Alimwomba aseme hayo mbele ya watu. Kiplangat akasema atasema kama Sardar atasema kwanza.

Basi Nabalayo akaenda kwa Sardar. Sardar Jasbir ni mtu wa heshima, alimwekea kiti, akaagiza chai.

"Mama Khisa, Masinde alikuwa mtu wangu. Nililia mimi."

"Najua, Sardar. Nilikuona."

"Sasa unataka nini? Sema."

"Waite wafanyakazi uwanjani. Waambie Masinde aliweka gogo. Ni hilo tu."

Sardar alikuwa amekwisha kusikia habari za kuni, ilionekana usoni. "Nikisema hivyo, watauliza kwa nini lilivunjika."

"Watauliza."

"Watauliza na la kwanza lilikwenda wapi. Siku takatifu kwetu, mama. Chakula cha baraka. Wageni wangu walikula, wazee walikula."

"Hata mimi nilikula, Sardar. Nilikula nikasema asante. Hata yeye alikula."

Sardar akatazama dirishani. Akasema angependa kujenga chumba kanisani kwa jina la Masinde. Chumba kizuri, mbao nzuri. Nabalayo akasimama, chai hajaigusa. "Watu watakaa ndani ya hicho chumba, Sardar, na wataambiana kwamba hakuweka."

Akatoka. Ndipo akaja kwetu.

Tulimwalika Sardar Jasbir aje azungumze katika kipindi hiki. Alituma mtu kusema yuko safarini. Tulimwalika Bwana Ngigi, ambaye sasa ana duka Molo. Alisema mambo ya zamani yamepita. Kiplangat alifika mpaka mlango wa hapa. Alisimama nje, akaondoka.

Kwa hiyo ni sisi tunasema. Masinde aliweka gogo. Aliita, akajibiwa, akaingia. Hakusahau, hakudharau, hakuvunja sheria yake.

Kwa Nabalayo, kwa Khisa na wadogo zake, na kwa jamaa wote wa Kimilili: poleni sana. Poleni kwa kifo, na poleni zaidi kwa miaka hii minne ya kubeba jina lisilo lenu. Mungu awape nguvu, na ampumzishe Zakayo mahali pema.

Nanyi mnaosikiliza, fikirini. Kila mmoja wenu kuna mtu anayemtegemea kwa jambo ambalo mtu huyo hawezi kuliona. Anauliza kutoka shimoni, na anakuamini wewe uliye juu. Kabla hujamjibu, kaangalie. Na kama ulikwisha kumjibu vibaya, usimsubiri mkubwa wako aseme kwanza.

Kwa kawaida tungemaliza kwa wimbo. Nabalayo ameketi hapa, upande wa pili wa meza, na tumemwuliza anataka upi. Amesema hakuna. Amesema saa hii kule Elburgon ni saa ya chakula, redio ya kantini imewashwa, na vijana wengi walioko sasa hawakumjua Masinde. Anataka waache kula kidogo, watazamane, kila mmoja amwone yule anayemjibu "limekaa".

Basi hatupigi wimbo. Tunawaachia kimya hiki, ninyi wa kantini. Tazamaneni.